Barafu za Ubuyu

Saa kumi na moja alfajiri nyumba yetu ya Nkuhungu
inaamka kwa miguu.
Nimelala, nahesabu: viatu vya Ndahani, kisigino kwanza,
vya Nyemo, vyepesi, kama mtu anayeiomba radhi sakafu,
halafu vya baba, vinavyopigwa mara mbili ukutani
kukung'uta vumbi la jana
ili vikachukue la leo.
Komeo. Mbwa wa jirani. Kimya.

Tangu Februari mimi ni wa kitandani.
Daktari wa General aliishika picha akaielekeza dirishani:
ufa, alisema, mwembamba kama unywele,
kwenye mfupa wa muundi, mguu wa kulia.
Wiki nane. Akaniuliza nakimbilia nini.
Nikasema, kilomita arobaini na mbili.
Akasema, nimeuliza nini, sikuuliza ngapi.

Sikimbii kwa mshahara. Mimi karani wa ardhi,
nagonga mihuri kwenye viwanja vya watu.
Medali zangu zote ni za kumaliza,
zile anazopewa hata wa mwisho, pamoja na ndizi.
Usidhani mwenye kidogo haumii akinyang'anywa.

Kwetu ukiugua malaria unapewa uji.
Ukiumia mguu unapewa ushauri.
Ndahani: panda baiskeli.
Nyemo: kimbia ndani ya maji. Maji gani, Dodoma hii,
yanayokuja kwa mgawo, Jumanne na Ijumaa?
Shangazi wa Kongwa katuma kwa basi
mafuta ya mkia wa kondoo, chupa imevuja njiani.
Na mama, mlinda goli wa mpira wa pete enzi zake,
mwenye vidole viwili vilivyopinda hadi leo,
akaninyooshea kimojawapo:
mzabibu usipokatwa hauzai.
Mama, nikamwambia, mimi si mzabibu.
Mzabibu haujui kuwa Jumapili
wenzake wamekwenda Ihumwa na kurudi.

Jioni nachukua barafu zake za ubuyu, zile za kuuza,
nazifunga muundini kwa kanga.
Zikianza kulegea nazila.
Nadaiwa elfu mbili na mia nane. Ameandika kwenye daftari.

Jumapili ya tano nikasema nakwenda, nitakaa tu.
Wakaniacha penye kalvati na ndoo, kikombe,
na saa ya baba ya kubonyeza
ambayo hajawahi kumwachia mtu.
Upepo wa huku hauna haya, unaingia hadi kwenye meno.
Treni ya umeme ikapita kama shuka linalochanwa.
Kisha wakatokea.

Miaka kumi na miwili nimekimbia nyuma yao,
naijua migongo yao kuliko nyuso.
Sikuwahi kuwaona wakija.
Ndahani hufumba jicho moja.
Nyemo huchezesha midomo, anahesabu au anasali.
Na baba,
baba anavuta mguu wa kushoto.
Kidogo tu. Kama anayekwepa jiwe
lililokwisha kuondolewa njiani.
Alipoona namwona akaunyoosha,
akanywa maji, akauliza muda.
Nikamtajia, pungufu kwa sekunde tisa.

Usiku ule friza ilifunguliwa,
nikasikia mpira wa mlango ukibanduka.
Nikamkuta jikoni gizani, ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa,
goti limejaa kama kiazi,
barafu mbili za ubuyu juu yake.
Tangu lini?
Tangu Makutupora, akasema. Hujazaliwa.
Akajisogeza anipe nafasi. Ndoo ni ndoo,
nikakaa sakafuni, mguu nimeunyoosha kando ya wake.
Akanipa moja ya kufunga na moja ya kula.
Hatukutaja subira. Hatukumtaja Mungu.
Akaniuliza kama ufa wangu unauma nikiukanyagia.
Nikasema, ukiacha kuuma nitakuambia.
Akasema, wangu nao.

Asubuhi mama akafungua friza, akahesabu,
zimepungua nne.
Akaziandika zote kwangu.
Baba alikuwa mlangoni, anapiga viatu ukutani,
mara mbili,
hakugeuka.